Mark II GX100 niliyoiwekea injini ya 1JZ-GTE: asubuhi napiga stata mpaka betri inalia. Presha ya mafuta inakimbilia wapi?

#1 Mtoto wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina Mark II GX100, ilikuja na injini ya 1G-FE. Nimeitoa nikaweka 1JZ-GTE ya zamani, ile isiyo na VVT-i, turbo mbili. Fundi aliyefunga alibadili na pampu ya tenki akaweka ya lita 255 kwa saa, kwa maelezo kwamba ile ya zamani isingetosha turbo zikianza kula. Kwenye reli ya injekta (bomba linalozigawia mafuta) akafunga regulata ya presha, ya kurekebisha, yenye geji yake.

Ikishawaka haina kosa. Inavuta, haimisi, hata ulaji wake wa mafuta nauvumilia. Shida ni kuwasha. Ikilala, asubuhi ni stata ndefu mpaka majirani wanachungulia. Nikizima nikaingia dukani nikatoka baada ya dakika tano, nagusa tu inawaka. Nikikaa kama nusu saa, shida inarudi. Na nikizima, geji naiona kwa macho inashuka mpaka sifuri, hata dakika haiishi.

Fundi anasema pampu ni feki. Aliyeniuzia pampu Gerezani, Kariakoo, anasema fundi ndiye feki. Nimsikilize nani?

#2 Kibuyu Tupu
Naweka kambi hapa. Wajuvi wanakuja.

#3 Fundi wa Mchana
Pampu. Usipoteze muda. Ndani ya pampu ya tenki kuna valvu ndogo inayozuia mafuta yasirudi ukizima gari. Za bei rahisi hiyo valvu ama haipo, ama ipo kama pambo. Mafuta yote kwenye bomba yanarudi tenki, asubuhi pampu inaanza kazi upya kutoka nyuma kabisa ya gari. Nunua ya maana, lala usingizi.

#4 Mzee wa Spana
Mtoto wa Tabata, kabla hujanunua kitu chochote, sikiliza.

Ukizima gari, mafuta yaliyo kwenye reli yana njia tatu za kuondoka bila wewe kuyaona sakafuni. Yanarudi nyuma kupitia pampu, yanapita kwenye regulata kuingia ritani (bomba la kuyarudisha tenki), au yanadondoka kupitia injekta na kuingia kwenye silinda. Njia ya nne ni kuvuja nje, na hiyo pua itakwambia. Vitabu vya Toyota vya injini za kipindi hicho vinataka geji isome angalau psi 21 dakika tano baada ya kuzima. Yako dakika moja tu iko sifuri.

Kipimo chake hakihitaji kompyuta. Tafuta koleo la kubania mipira, lenye midomo laini. Washa gari, zima, na papo hapo bana mpira wa ritani. Geji ikisimama, regulata ndiyo inayopitisha. Kama haikusimama, rudia, safari hii bana mpira unaoleta mafuta kwenye reli. Ikisimama, shida iko huko tenki. Ukibana yote mawili na geji bado inashuka, fungua plagi moja moja uzitazame, kuna injekta inayokojoa. Bana mpira tu. Bomba la chuma usiliguse, na ile mipira migumu ya plastiki nayo iache, itapasuka.

Halafu chomoa kile kimpira chembamba cha vakyumu kinachoingia kwenye regulata. Ukikuta petroli ndani yake, ngozi ya regulata imechanika, habari imeishia hapo.

#5 Kobe Mwendokasi
Mzee, mbona safari ndefu hivyo? Afungue swichi bila kupiga stata, asubiri sekunde mbili, afunge, arudie mara tatu. Presha inapanda yenyewe halafu anawasha. Mimi kwenye gari yangu ya Ujerumani nafanya hivyo kila siku.

#6 Mzee wa Spana
Kobe Mwendokasi, umeshasema mwenyewe: ya Ujerumani. Toyota nyingi za miaka ya 90 pampu haizunguki swichi ikiwa wazi tu. Inazunguka stata inapopigwa, kisha inaendelea kwa sababu kontroli boksi (kompyuta ya injini) inaona injini inazunguka. Kuna rilei maalumu ya kazi hiyo. Injini ikisimama ghafla, mfano umegonga, rilei inakata pampu hata kama swichi iko wazi. Kwa hiyo akifungua na kufunga swichi mpaka Idi, presha haipandi hata psi moja.

Njia ya kuizungusha ni hii. Kwenye boksi dogo lililoandikwa DIAGNOSIS kule kwenye injini, unga kwa waya tundu la FP na la +B, fungua swichi. Utasikia pampu ikivuma tenki na mafuta yakipita kwenye ritani. Ila kwa gari iliyopandikizwa injini, inategemea aliyefunga waya aliliunganisha hilo boksi au aliliacha kama urembo.

#7 Binti Chumbageni
Mzee wa Spana kipimo chako ni sahihi, lakini nyote mmeruka swali moja. Pampu iliyowekwa ni kubwa, waya je? GX100 ilitoka kiwandani na pampu ndogo na waya wa kuitosha. Ukiweka pampu inayonyonya umeme mwingi zaidi kwenye waya uleule, rilei ileile, na sehemu ileile yenye kutu ambapo waya wa hasi unashika bodi, umeme unaofika tenki unapungua. Gari ikiwa inaunguruma alteneta inatoa volti 14, huoni tatizo. Ukipiga stata, betri inashuka mpaka volti 10 hivi kwa sababu stata inakula, na pampu inapata mabaki. Inazunguka kivivu, presha inapanda pole pole, wewe unahisi gari gumu kuwaka.

Mtoto wa Tabata, chukua mita, weka kwenye soketi ya pampu yenyewe (si kwenye betri), mtu mwingine apige stata. Nipe namba.

#8 Kibuyu Tupu
Dada kaja na mita. Fundi maiko wote kimya.

#9 Fundi wa Mchana
Sijakaa kimya, nilikuwa nakula. Binti Chumbageni, waya mwembamba haufanyi geji ishuke gari ikiwa imezimwa. Yeye kasema inashuka mpaka sifuri ndani ya dakika. Hapo umeme haupo kabisa kwenye hadithi.

#10 Binti Chumbageni
Fundi, soma tena. Sijasema waya unashusha presha. Ninachosema ni kwamba kushuka kwa presha na kuchelewa kuwaka vinaweza kuwa mambo mawili. Pampu nzima ya lita 255 yenye umeme wake kamili inajaza reli ndani ya sekunde moja au mbili hata ikianzia sifuri. Yeye anapiga stata mpaka betri inalia. Kwa nini haijazi?

#11 Fundi wa Mchana
Kwa sababu ni feki. Turudi kwenye #3.

#12 Profesa Uchwara
Naongeza petroli kwenye moto. Hizo regulata za kurekebisha, nyingi hazishiki presha gari likizimwa, na hazikutengenezwa kushika. Zile kubwa za mashindano watengenezaji wake wanasema wazi kwamba kazi yake ni kudhibiti presha pampu ikiwa inafanya kazi, basi. Kwa hiyo geji kufika sifuri kwa gari la namna hii inaweza kuwa hali ya kawaida kabisa, na nyie mnahangaika kutibu mtu mzima wa afya. Kile kipimo cha dakika tano cha Mzee ni cha regulata ya kiwandani.

Kama anataka gari lake liwake kama la kiwandani, arudishe regulata ya Toyota. Kwa turbo za kawaida zisizoongezwa nguvu, ya kiwandani inamtosha sana. Ile nyingine ni mapambo ya kupigia picha boneti ikiwa wazi.

#13 Mtoto wa Tabata
Wakuu shukrani. Majibu ya haraka. Boksi la DIAGNOSIS limeunganishwa. Asubuhi hii nimeunga FP na +B, nikafungua swichi, geji ikapanda mpaka psi 42, nikapiga stata: imewaka papo hapo, hata mke wangu alishangaa. Kimpira cha vakyumu kikavu, hakina petroli. Mita natafuta ya kuazima.

Profesa, regulata si mapambo, ina rangi ya bluu.

#14 Kibuyu Tupu
😂😂 Rangi ya bluu inaongeza farasi kumi.

#15 Mzee wa Spana
Hapo umeshajipunguzia nusu ya kazi. Cheche zipo, mgandamizo upo, sensa zinafanya kazi. Injini ilikuwa inasubiri mafuta tu. Sasa bana mipira.

#16 Dereva wa Segerea
Samahani kuingilia, ila yangu inafanana na hiyo na injini sijabadili. Ni IST ya kubeba abiria, nimeifungia mfumo wa gesi. Inawaka na petroli, injini ikipata moto inahamia gesi yenyewe. Miezi ya mwanzo safi. Sasa hivi asubuhi inasumbua kuwaka, ikishahamia gesi ni raha mustarehe. Nikimaliza abiria, nikazima kwenye jua dakika ishirini, kuwasha tena ni shughuli.

#17 Binti Chumbageni
Dereva wa Segerea, petroli unaweka kiasi gani?

#18 Dereva wa Segerea
Dada, si ndiyo maana nikafunga gesi? Naweka ya buku tano ile ya kuwashia tu. Taa ya mafuta haijazima muda mrefu.

#19 Binti Chumbageni
Basi pampu yako ndiyo unayoiua. Pampu ya tenki inapozwa na petroli inayoizunguka na inayopita ndani yake. Kwa magari mengi yaliyofungwa gesi pampu haizimwi ukiwa unatembelea gesi, inaendelea kuvuma siku nzima ikizungusha mafuta yaleyale kidogo, nayo yanapata joto. Kwenye IST regulata iko ndani ya tenki pamoja na pampu, hakuna ritani kutoka mbele. Maana yake petroli iliyoko kwenye reli haizunguki, inakaa pale juu ya injini ikipikwa wakati wewe unachoma gesi. Weka angalau robo tenki, na muulize aliyefunga kama kuna rilei ya kukata pampu ukihamia gesi.

Halafu uwe unatembea na petroli kabisa mara moja moja, injekta zisikauke.

#20 Fundi wa Mchana
Robo tenki kwa dereva wa mtandao? Dada unataka watoto wake wale nini.

#21 Dereva wa Segerea
Ukweli unauma. Bei ya pampu ya IST original ni sawa na petroli ya kiasi gani, hesabu ninaifanya saa hii.

#22 Mkaazi wa Maskati
Asalaam aleikum. Mimi niko Maskati, shughuli yangu ni Nissan Patrol zenye injini ya TB48 zilizofungwa turbo, za kupanda michanga. Suala la dereva wa gesi na la kijana wa Tabata nalisoma kwa jicho la joto. Injini ikizimwa haipoi palepale, joto la chini ya boneti linapanda kwanza maana feni imesimama na maji hayazunguki. Petroli kwenye reli ikiwa na presha inavumilia. Presha ikikimbia, petroli ileile inageuka mvuke. Ukipiga stata injekta inatoa mvuke badala ya mafuta, gari linakohoa. Ukilizima dakika tano mafuta bado ni kimiminika, ukilizima nusu saa mvuke umejaa, ukiliacha masaa matano au sita limepoa, linawaka kwa taabu kidogo tu.

Huku wakati wa kiangazi joto linapita 45. Tumeshazoea, mtu wa turbo anafungua boneti akifika tu.

#23 Kobe Mwendokasi
Sheikh, asubuhi je? Saa kumi na moja alfajiri Tabata mvuke unatoka wapi?

#24 Mkaazi wa Maskati
Asubuhi sijui, hiyo ni ya kwenu. Nimejibu la nusu saa. Nani kasema ugonjwa lazima uwe mmoja?

#25 Jogoo wa Limuru
Niaje wasee. Huku Limuru shida ni kinyume, ni baridi. Niko na Forester SG5, engine ya EJ20 turbo kutoka kwa Impreza. Asubuhi ya baridi kali nilikuwa napata harufu ya petroli ndani ya gari, gari inakataa kuwaka, ikishika moto harufu inaisha. Mekanika wa kwanza akabadilisha pampu. Wa pili akabadilisha plagi. Kumbe kuna mipira mifupi ya mafuta chini ya manifoldi, mahali huwezi kuona mpaka utoe vitu nusu ya engine. Ikizeeka inakauka, klampu zinalegea, na baridi ikiingia mpira unajikaza na kuvuja. Joto likifika inafura na kuziba. Kwa hivyo ukienda garage saa sita mchana, mekanika haoni kitu na anakuona wewe ndio mgonjwa.

Mtoa mada, unapata harufu?

#26 Mtoto wa Tabata
Harufu hakuna nje. Ndani ya gari ipo kidogo nyuma, lakini nilidhani ni kwa sababu tenki lilifunguliwa.

#27 Mzee wa Spana
Usidhani. Mfuniko wa pampu juu ya tenki una mpira wake wa kuzibia, na mafundi wengi wanaurudisha uleule uliovimba. Angalia. Na tembea na mtungi wa kuzimia moto, sisemi kukutisha.

#28 Mjukuu wa Gerezani
Nimesoma kuanzia mwanzo, nashangaa hakuna aliyegusa kitu ninachokutana nacho kuliko vyote. Ndani ya tenki, kati ya pampu na bomba la kutokea, kuna kipande kifupi cha mpira. Pampu mpya kubwa haina umbo la ile ya zamani, kwa hiyo kile kipande cha kiwandani hakiingii. Fundi anafanyaje? Anakata mpira wowote wa petroli alionao mkononi, anaubana na klampu mbili, anafunga tenki, analipwa.

Mpira wa petroli wa kawaida umetengenezwa mafuta yapite ndani, nje iwe hewa. Ukiuzamisha, ngozi ya nje inanyonya petroli, inavimba, inalainika, inapasuka au inateleza kwenye mdomo wa pampu. Mpira wa kuzamisha ni aina yake, unaandikwa J30R10 ubavuni. Ule wa R9 ni mzuri sana kwa presha ya injekta, lakini ni wa nje ya tenki. Na wa R7 ni wa kabureta, kwenye injekta usiuweke popote.

Sasa ona utamu wake: ukivuja humo ndani, hakuna harufu, hakuna tone sakafuni, mafuta yanarudi tenki yalikotoka. Pampu inafanya kazi, presha inafika 42 kwa sababu pampu ni kubwa inalifunika tundu, na ukizima tu yote yanarudi. Valvu ya pampu inaweza kuwa nzima kabisa, maana tundu liko mbele yake. Fundi wa Mchana hapo anauza pampu ya pili na ya tatu, shida iko palepale.

#29 Fundi wa Mchana
Mjukuu wa Gerezani, mbona unanitaja kwa ubaya? Mimi sijawahi kuuza pampu, nauza ushauri.

#30 Kibuyu Tupu
Na ushauri wenyewe ni feki. Tuendelee.

#31 Profesa Uchwara
Mjukuu nakubali kwa sehemu kubwa. Ila mpira uliopasuka tenki ungeonekana turbo zinapofungua, pale pampu inapohitaji kutoa kila ilichonacho. Presha ingeshuka, gari lingekohoa juu. Mleta mada anasema linavuta bila kosa.

#32 Mjukuu wa Gerezani
Inategemea ukubwa wa tundu. Turbo za kiwandani hazimalizi lita 255. Akiba ipo.

#33 Bodaboda Msomi
Mimi nina wazo tofauti. Uchakachuaji. Mafuta yakichanganywa na mafuta ya taa hayawaki vizuri injini ikiwa ya baridi. Jaribu kituo kingine.

#34 Mzee wa Spana
Bodaboda Msomi, mchezo huo ulipungua nguvu tangu kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa mwaka 2011. Tena mafuta mabaya hayajui kusoma saa. Dakika tano yawake, nusu saa yagome, kisha ukiunga FP na +B yawake tena papo hapo? Mafuta gani hayo yana akili hivyo.

#35 Bodaboda Msomi
Sawa mzee, nilikuwa napita.

#36 Baridi ya Njombe
Wakuu, kuna kitu kingine hamjakigusa: sensa ya joto la maji. Injini ya kupandikiza ina sensa mbili, ya kontroli boksi na ya mshale wa dashibodi. Mafundi wengi wanahangaika mshale ufanye kazi, ile nyingine wanaisahau au wanaibadilishana. Kontroli boksi ikidhani injini ina joto wakati imepoa, inatoa mafuta kidogo asubuhi. Na kwa injini za zamani zaidi kama baadhi ya 3S-FE kuna injekta ya ziada ya kuwashia wakati wa baridi, inafungwa swapu (injini ya kupandikiza), yenyewe inaachwa ikining'inia. Huku Njombe mwezi wa saba gari ya namna hiyo unaisukuma mpaka barabara ya lami.

#37 Binti Chumbageni
Hoja nzuri kwa asubuhi, ila haielezi nusu saa. Baada ya nusu saa injini bado ina joto, sensa iwe nzima au mbovu. Na imewaka papo hapo kwa FP na +B, akiwa amelaza gari usiku kucha.

#38 Baridi ya Njombe
Kweli. Lakini aikague.

#39 Kapteni wa Bugando
Samahani, na sisi wa dizeli? Hilux yangu niliitoa injini ya 3L nikaweka ya 5L. Nikiipaki kichwa kikiangalia juu, na kwetu Mwanza usipopaki mlimani unapaki wapi, asubuhi haiwaki mpaka nipampu kwa mkono pale juu ya filta. Nikiipaki kichwa chini, inawaka.

#40 Mzee wa Spana
Hiyo ni hewa. Dizeli ya aina hiyo haisukumwi kutoka tenki, pampu ya mbele inavuta. Panapopita hewa dizeli haivuji, kwa hiyo huoni kitu. Ukiinua kichwa cha gari, mafuta yanateremka kurudi tenki na hewa inaingia kuchukua nafasi yake. Weka kipande cha mpira wa kuonekana ndani kati ya filta na pampu, utaona mapovu yakipita. Anza na klampu za mipira iliyoguswa wakati wa kubadili injini, halafu kile kipampu cha mkono chenyewe, mpira wake wa ndani unachoka na kuvuta hewa.

#41 Kapteni wa Bugando
Shukrani mzee. Natafuta mpira wa kuonekana.

#42 Mtoto wa Tabata
Nimerudi na namba, mkae sawa.

Moja. Mita kwenye soketi ya pampu, stata ikipigwa: volti 8 na kitu. Kwenye betri wakati huohuo: 10.4.

Mbili. Nimebana ritani mara tu baada ya kuzima. Geji haikusimama, ila ilishuka taratibu sana kuliko kawaida, ilichukua karibu dakika sita kufika chini.

Tatu. Nimebana mpira wa kuleta mafuta peke yake. Ikashuka haraka kama kawaida.

Nne. Nimebana yote mawili. Kama ya pili tu, pole pole.

Sasa niambieni.

#43 Profesa Uchwara
Regulata ya bluu. Nilisema. Ukibana upande wake, kasi inakufa. Ukibana upande wa tenki, hakuna kinachobadilika. Weka ya Toyota.

#44 Binti Chumbageni
Volti 8! Kama volti mbili hivi zinapotelea njiani. Hapo hata pampu ya dhahabu haijazi reli. Vuta waya mnene kutoka betri, pitia fyuzi, weka rilei mpya nyuma, na ile waya ya zamani ya pampu iwe ndiyo inayoiamrisha rilei. Na waya wa bodi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Tafadhali fundi asiunge moja kwa moja kwenye swichi ili "iwe rahisi", mkigonga pampu itaendelea kumwaga petroli.

#45 Mjukuu wa Gerezani
Na ile pole pole iliyobaki mmeipeleka wapi? Umebana mbele na nyuma, bado dakika sita iko chini. Injekta.

#46 Mzee wa Spana
Au koleo halijabana sawasawa, mpira wa presha una nyuzi ndani, haufi kirahisi. Injekta za injini iliyokaa yadi miaka mingi huwa hazina usalama, zing'oe zikapimwe na kuoshwa. Kuna njia ya haraka: acha gari nusu saa, usiunge FP na +B, kanyaga mafuta mpaka chini ndipo upige stata. Ukiipa hewa ikawaka upesi na moshi mweusi, silinda zilikuwa zimelowa. Isipobadilika, injekta ziache.

#47 Fundi wa Mchana
Naona pampu imepona kwenye kesi hii. Rufaa naikata.

#48 Mtoto wa Tabata
Nimekanyaga. Imewaka mapema kidogo kuliko kawaida, moshi upo lakini si mweusi wa kutisha, ni wa kijivu hivi. Au ni macho yangu. Jumamosi fundi mwingine wa umeme anakuja na waya na rilei. Regulata ya Toyota nimeipata ya kuazima kwa jamaa mwenye gari la JZX90. Tunaanza na ipi?

#49 Binti Chumbageni
Waya.

#50 Profesa Uchwara
Regulata.

#51 Mzee wa Spana
Kimoja kimoja, upime katikati. Ukifunga vyote siku moja hutajua kipi kilikuwa kinakusumbua.

#52 Jogoo wa Limuru
Na mbuzi mmoja kwa wenye walikusaidia.

#53 Kibuyu Tupu
Mleta mada, kabla ya mbuzi, namba ya injini kwenye kadi umeshabadilisha au trafiki bado anaamini ni 1G-FE?

#54 Mtoto wa Tabata
Kibuyu Tupu, wewe kaa kambini kwako.

#55 Mwana wa Chake
Wakuu uzi mtamu. Mie nina Hilux ya dizeli ya 2L, nimepata 1UZ-FE, ile V8 ya lita nne. Fundi anataka kufunga pampu ya nje chini ya bodi kwa sababu tenki la dizeli halina nafasi ya pampu ndani. Ipo salama?

#56 Mjukuu wa Gerezani
Mwana wa Chake, pampu za nje za injekta zinasukuma vizuri ila kuvuta haziwezi. Ifungwe chini kuliko tenki na karibu nalo, mafuta yaifikie yenyewe, na kabla yake iwe filta ya tundu kubwa isiyokaba. Bomba la ritani la dizeli lipo tayari, ila tazama upana wake. Likiwa jembamba kwa pampu utakayoweka, presha itakwama juu hata ukifungua regulata yote. Na tenki la dizeli lililotumika lisafishwe ndani kwanza, tope lake litamaliza injekta nane siku ya kwanza.

#57 Mkaazi wa Maskati
Asifunge pampu ya nje kabisa. Kwenye kona na milima mafuta yakiwa robo yatakimbilia upande mmoja, pampu ivute hewa, V8 izime katikati ya barabara. Kata tenki juu, weka pampu ya ndani na kibakuli chake.

#58 Mjukuu wa Gerezani
Kukata tenki unakusema kwa wepesi hivyo? Pemba nani anachomelea tenki akabaki na nyusi?

#59 Mwana wa Chake
Yupo mmoja Wete, analijaza maji kwanza. Nyusi anazo, nitamuuliza bei.